Sambusa sita zinajaza sega: kufundisha watoto maumbo kwa vipande vya mbao

Mara ya kwanza nilikata vipande kwa macho tu, kwa mkasi na katoni ya sabuni, nikawagawia watoto wangu wa miaka minne. Mmoja akapanga pembetatu tano kuzunguka nukta moja. Ya sita ikakataa kuingia. "Madame, haiingii." Nikamwambia asukume. Akasukuma, kisha akatazama mikono yake kama kwamba yenyewe ndiyo imekosa. Hadi leo inaniuma, maana vipande vyangu ndivyo havikulingana. Kwa hiyo naanzia kwenye vipimo.

Seti ya vipande hivi, ambayo kwa Kiingereza huitwa pattern blocks na ilibuniwa Marekani miaka ya 1960, ina maumbo sita: pembesita ya njano, trapeza nyekundu, rombasi ya buluu, pembetatu ya kijani, mraba wa rangi ya machungwa, na rombasi nyembamba yenye rangi ya mbao tupu. Pande zote zina urefu mmoja, isipokuwa upande mrefu wa trapeza, ambao ni mara mbili. Ndiyo maana vipande vinashikana bila kuacha pengo.

Fungua bikari sentimita 5, chora duara, kisha usiiguse tena: itembeze juu ya mzingo, itaingia mara 6 kamili. Unganisha alama kwa rula, umepata pembesita. Chora mistari kutoka katikati hadi kila pembe, umepata pembetatu 6. Mbili zilizoshikana ni rombasi, tatu ni trapeza. Mraba ni sentimita 5 kila upande. Rombasi nyembamba inaweza kusubiri.

Kata kielelezo kimoja cha kila umbo, umpelekee fundi mbao. Wangu, hapa Goma, anatengeneza makabati. Vipande vya tripleksi (plaiwudi) vinavyobaki alikuwa akiwashia moto. Mwambie apige msasa kwenye kingo, lakini asile pembe.

Wiki ya kwanza usifundishe kitu. Wataunda chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, yenye magurudumu mawili ya njano, wataunda nyumba, na majina yatazaliwa yenyewe. Kwangu pembetatu ni sambusa, trapeza ni mtumbwi, pembesita ni sega, na rombasi nyembamba ni sambaza, kama wale samaki wadogo wa ziwa Kivu. Yapokee majina yao, uyaoanishe na ya kitabu: "Nipe sambusa, ile pembetatu." La Kifaransa litakuja kwa wakati wake.

Geuza vipande mara kwa mara. Mraba ukisimama kwa pembe, wengi watakuambia si mraba tena. Usibishane nao. Waguse pembe zake wakihesabu, waurudishe ulivyokuwa, wahesabu tena.

Sasa kazi ninayoipenda kuliko zote. Weka pembesita moja mbele ya mtoto, umwambie: "Ifunike, njano isionekane." Kisha nyamaza. Kunyamaza huku ndiko kugumu. Mkono wako utataka kusaidia, uukalie. Binti mmoja mwaka huu aliweka mtumbwi mmoja, akaona nusu imebaki, akajaza sambusa tatu. Nikamuuliza tu: "Kuna njia nyingine?" Akaondoa sambusa zote tatu kwa pamoja, kwa kiganja, akaweka mtumbwi wa pili. Hakuna aliyemwambia kwamba tatu hizo ni sawa na mtumbwi mmoja, lakini kiganja chake kilikuwa kimeshajua. Siku zilizofuata alipata rombasi tatu, kisha sambusa sita. Nusu, theluthi na sehemu ya sita amezishika mkononi kabla ya kusikia neno sehemu.

Mfululizo ni rahisi zaidi. Leta kitenge chenye pindo, wasome kwa sauti kinachojirudia, kisha wapange wao: sambusa, mraba, sambusa, mraba. Mtoto akizoea, ficha kipande kimoja cha katikati, si cha mwisho, aseme kilichokosekana. Kumalizia mwisho wengi wanaweza kwa kufuata mdundo. Pengo la katikati linadai aelewe kanuni yenyewe.

Kwa aliyeiva, weka pembesita, azungushe miraba sita, mmoja kila upande. Kati ya mraba na mraba patabaki nafasi. Usiseme ni ya nani. Wiki iliyopita mvulana mmoja alijaribu sambaza, akajaribu rombasi ya buluu, akatafuna mdomo, kisha akateremsha sambusa polepole. Ikaingia tii. Akazunguka kujaza nafasi tano zilizobaki, akaweka kidole ukingoni na kuhesabu pande za nje mpaka 12.