Makumbi ya nazi yatie chini ya tuta

Wenzangu wa bustani, kaskazi inamalizika na masika yako mlangoni. Kabla hujahamisha miche ya tungule na bilingani, nakuomba usiyachome moto makumbi ya nazi.

Chimba mtaro wa kina cha futi moja, uyapange makumbi upande wa ndani ukiangalia juu, kama vikombe. Juu yake tia samadi iliyooza, kisha rudisha udongo mpaka tuta linyanyuke. Mvua kubwa ikija, maji hayatuami kwenye mizizi; ikikatika mwezi wa Juni, usumba, yaani nyuzi za makumbi, bado una unyevu. Mwaka jana nilifukua kidogo pembeni ya bilingani: juu udongo mkavu, chini mizizi myeupe imejipenyeza ndani ya kumbi bichi kwa maji.

Kabla ya kuyafukia makumbi, yaroweke kwanza siku mbili tatu, umwage yale maji ya rangi ya chai. Na yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba usiyaguse kabisa, yana chumvi.

Kwa wadudu, majani ya mwarobaini yanatosha: twanga, roweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni.

Sisi na akina mama wa mtaani tumeweka kitalu kimoja chini ya makuti, kila mtu kaleta mbegu zake. Miche ya bamia imezidi. Mwenye nafasi aje na kikapu baada ya alasiri.