Kabla lori halijapanda mizani

Mwenye ekari tano za mahindi hapa Njoro hana haja ya mizani ya lori. Mizani ya jukwaa ya kilo 300, sakafu ngumu na vijana wawili wa kuinua magunia vinamtosha. Lakini ukivuna ekari 40, tuseme magunia 20 kwa ekari, hayo ni magunia 800 ya kilo 90, yaani tani 72. Utayapima moja moja mpaka lini? Hapo ndipo inapofaa mizani ya lori, ile ya vibao vinavyopima ekseli (mhimili wa magurudumu) baada ya ekseli.

Kabla ya kulipa, uliza mizani inasoma kwa hatua ya kilo ngapi, yaani namba zake huruka kilo ngapi kwa mara moja. Hatua ya kilo 20 haina neno kwa lori la tani 10, ila kwa kigari cha magunia 30 unabahatisha. Tena ukiuzia watu kwa mizani hiyo, sharti ikaguliwe na kupigwa muhuri na ofisa wa vipimo. Muhuri wa mwaka juzi si muhuri.

Pahali pa kuiweka ndipo penye kazi. Ekseli moja ikiwa juu ya kibao na nyingine imezama topeni, uzito huhama, na jumla utakayoandika si ya lori hilo. Panatakiwa pawe tambarare na pagumu, urefu wa lori zima mbele na nyuma ya mizani. Mvua ya Novemba ikikukuta huna zege, afadhali usubiri jua.

Sasa uzito mtupu, yaani wa lori bila mzigo, unaotolewa kwenye uzito wa lori lililojaa ili kubaki na wa mahindi. Wengi hawauangalii. Mnunuzi mmoja aliniletea lori likapimwa tupu, tanboi (wasaidizi wa dereva) watatu wamekaa nyuma wakila miwa, tangi limejaa dizeli. Liliporudi na mzigo, tanboi walikuwa chini wamejipumzisha kivulini. Watu watatu ni kama kilo 200, zaidi ya magunia mawili yangu. Siku hizi nahesabu vichwa, natazama tairi la akiba na turubai, na dereva akishuka mara ya kwanza atashuka na ya pili. Kila lori likitoka, mizani irudi sifuri. Isiporudi, futa udongo chini ya kibao na upime upya.

Usisahau unyevu. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 18, likikaushwa hadi 13.5, hubaki kama kilo 85. Patana bei ukiwa na kipima unyevu mkononi.

Kama mzigo unaelekea Nairobi, kuna mizani ya Gilgil njiani, ya kukagua malori yaliyozidisha uzito. Lori la ekseli tatu mwisho wake ni tani 26, gari na mzigo pamoja, na kila ekseli ina kikomo chake. Ni heri kushusha magunia matano nyumbani kuliko kando ya barabara.

Waya za mizani zipitishe ndani ya bomba la chuma. Panya wa ghala la mahindi hawachagui chakula.