Helmeti ya otomatiki na asubuhi za Njombe

Karakana yangu ya kuchomelea vyuma iko Njombe, kwenye nyanda za juu zenye baridi za Tanzania, na Julai hapa tunafungua kazi chuma kikiwa na umande. Kijana akishika tu kishikio cha elektrodi namwambia: kwanza pima kioo cha helmeti.

Kioo cha helmeti ya otomatiki, ile inayojifanya nyeusi yenyewe mwako wa kuchomelea ukiwaka, kina tabaka jembamba la fuwele kimiminika, kitu kinachotiririka lakini molekuli zake zimejipanga. Umeme ukiingia, molekuli zinageuka na kioo kinakuwa cheusi. Umeme ukikatika, zinarudi zenyewe. Baridi inazifanya nzito kama mawese ya asubuhi. Ile 1/25000 ya sekunde iliyoandikwa kwenye boksi, yaani muda wa kioo kuwa cheusi, ni ya joto la chumbani, si ya hapa saa moja asubuhi.

Pima hivi. Weka kinobu cha kuchelewesha kioo kurudi kwenye chini kabisa, na cha wepesi wa vihisio, vile vijicho vya mbele vinavyoona mwako, kwenye juu kabisa. Washa kiberiti cha gesi mbele ya vihisio, kisha kizime. Wengi huangalia kama kioo kimekuwa cheusi tu, lakini mimi naangalia kinavyorudi kuwa cheupe, kwa sababu giza linasukumwa na umeme ila kurudi hakusukumwi na chochote. Weusi ukikawia kuondoka, kioo bado kina baridi. Kiweke ndani ya koti, juu ya shati, mpaka kirudi upesi. Usikisogeze kwenye jiko la mkaa, maana gundi na karatasi za kuchuja mwanga zilizo ndani huharibika. Betri nayo hulegea kwenye baridi. Iangalie kabla hujalaumu kioo.

Helmeti nzuri huzuia miale ya urujuanimno hata kioo kikichelewa, lakini mwako wa kila ponti, yaani doa dogo la kuchomelea, unachosha macho, na siku ya grili ponti ni nyingi.

Joto lina shida nyingine. Maelekezo ya helmeti nyingi yanaruhusu kazi kati ya nyuzi -5 na 55 za Selsiasi. Ukiiacha juu ya boneti ya gari mchana, mpangilio wa molekuli unalegea na weusi unaweza kuja kwa mabaka. Joto likizidi sana zinakuwa kimiminika cha kawaida kisichoitikia umeme inavyotakiwa. Ipeleke kivulini ipoe taratibu, usiimwagie maji. Ikipoa na mabaka yakabaki, rudi kwenye kioo cheusi cha kawaida, chenye weusi wa namba 11.