Kanga ya zawadi: soma jina kabla ya kupenda ua

Wanaume wengi wakinunua kanga (leso, kwa watu wa Mombasa) huangalia rangi. Atakayepokea ataanza na maandishi, yaani jina la kanga. Kwa kanga mwanamke humrushia wifi au mke mwenza neno ambalo kwa mdomo lingezua ugomvi, na akiulizwa husema alipenda ua tu. Mwanamume anaweza kujifunga kanga hiyohiyo ndani kwake, hakuna atakayejali imeandikwa nini.

Kwa hiyo mwombe muuzaji aikunjue doti yote. Ni vipande viwili ambavyo havijakatwa, kila kimoja takriban mita 1.5 kwa 1.1: pindo pande zote nne, mji katikati, na jina juu kidogo ya pindo la chini. Lisome kana kwamba unalitamka wewe mbele ya utakayempa. "Nani kama mama" halina utata. "Wema hauozi" linamfaa aliyekusaidia. "Japo sipati tamaa sikati", likitoka kwa mwanamume, ni kutongoza. Usimpelekee mke wa mtu. Mkwe mpe dua au shukrani, mapenzi yaache. Vijembe kama "Mdhaniaye ndiye siye" mwache mwanamke ajinunulie mwenyewe, maana anayejua mlengwa ni yeye. Bibi harusi hupewa kisutu, kanga ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, na mara nyingi hakina jina kabisa.

Kisha geuza kitambaa. Pamba nzuri rangi yake hupenya hadi nyuma. Poliesta huteleza kiunoni na hainyonyi jasho. Sugua pembe kwa kitambaa cheupe kibichi. Kikitoka chekundu, nguo nyingine zitaharibika kwenye beseni. Chumvi haiokoi rangi mbovu.

Kata kwenye nafasi iliyo kati ya pindo mbili. Usikunje doti nusu kwa nusu ukakata kwa kukadiria: chapa ikiwa imepinda, utakula pindo la kipande kimoja. Pinda ncha zilizokatwa tu, mara mbili, upana wa nusu sentimita hivi. Kingo ndefu hazifumuki.

Usitoe kipande kimoja. Kimoja hufungwa kiunoni, jina likiwa chini kwa nyuma ambako wanaofuata watalisoma, na cha pili hutandwa kichwani au mabegani. Cha kiunoni kikifungwa juu chini, jina husomeka kichwa chini.