Somo: Kadi ya mtandao inabadilika jina kwenye Debian, ipe jina la kudumu

Umechomeka diski ya NVMe, umewasha seva, na sasa haipatikani mtandaoni. Kebo ni nzima, taa za kadi zinawaka. Kabla ya kulaumu swichi, angalia jina: iliyokuwa enp3s0 huenda sasa ni enp4s0, na /etc/network/interfaces (faili la mipangilio ya mtandao) bado inatafuta la zamani.

Enzi za eth0 na eth1, kerneli (kiini cha Linux) iligawa majina kwa kadi iliyotambuliwa kwanza, kwa hiyo yaliweza kupishana. Tangu toleo la 197 la systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux), mwaka 2013, jina hufuata mahali kadi ilipo: p3 ni namba ya njia ya PCI, inayounganisha vifaa na ubao mkuu. Lakini kifaa kipya, kama ile diski ya NVMe, kinaweza kusogeza namba hizo, na jina nalo linahama. Dawa ni kulifunga kwenye anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi yenyewe.

1. Kaa mbele ya seva au tumia konsoli. Ukifanya kwa SSH (kuingia kwa mbali kupitia mtandao) unaweza kujifungia nje.

2. Andika `ip -br link`, unakili MAC ya kadi.

3. Tengeneza /etc/systemd/network/10-lan0.link, ukiweka MAC uliyonakili badala ya aa:bb:cc:dd:ee:ff:

```
[Match]
PermanentMACAddress=aa:bb:cc:dd:ee:ff

[Link]
Name=lan0
```

4. Ndani ya /etc/network/interfaces weka lan0 kila palipo na jina la zamani. Wa Proxmox (mfumo wa kuendesha seva pepe juu ya Debian), msisahau mstari wa bridge-ports chini ya vmbr0, daraja la mtandao la seva hizo. Huo ndio unaosahaulika zaidi.

5. Endesha `update-initramfs -u` ili faili jipya liingie kwenye mfumo mdogo wa kuwashia (initramfs), kisha washa upya.

Maswali ya wadau

*Mkuu, kwa nini usiite eth0 tu?*
Kerneli nayo hutumia majina hayo. Yakigongana, ubadilishaji unaweza kukwama.

*Si niweke net.ifnames=0 (kuzima majina mapya) kwenye GRUB, programu ya kuwashia, yaishe?*
Kwa kadi moja, sawa. Zikiwa mbili umerudi kwenye bahati nasibu ya eth0.

*Nimefuata yote, jina ni lile lile.*
Faili la kwanza linalolingana ndilo hutumika, na 99-default.link hulingana na kila kadi. Lako lianze na namba ndogo na liishie na .link. Kisha endesha `udevadm test-builtin net_setup_link /sys/class/net/enp4s0`, uone ni faili gani limesomwa.

*Shukrani mkuu. Ubuntu je?*
Kwenye netplan (mipangilio ya mtandao ya Ubuntu) tumia match yenye macaddress, pamoja na set-name.