Kusafiri kwa ndege na begi la mkononi tu: pima kilo kabla ya kukunja nguo

Wengi wanaoshindwa kusafiri na begi la mkononi pekee hawashindwi na nafasi, wanashindwa na mizani. Begi la sentimita 55 kwa 40 kwa 20 lina ujazo wa takriban lita 44. Ukilijaza nguo, viatu na vifaa vya umeme, kilo 10 zinafika kabla hujajua. Mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 7 tu kwa daraja la kawaida, mengine 8, 10 au 12. Ndiyo maana maelezo haya yanahesabu gramu. Anayeweza kupakia kwa kilo 7 hatahangaika na shirika lenye masharti nafuu.

Anza na tiketi, si kabati la nguo. Angalia vipimo, uzito, idadi ya vipande, na kama kile kibegi kidogo cha chini ya kiti kinapimwa pamoja na begi kubwa. Tiketi za bei ya chini kabisa za baadhi ya mashirika hazina begi la kuweka juu. Unapewa kipande kimoja cha chini ya kiti, pengine cha 40 kwa 30 kwa 20, yaani lita 24. Vipimo vyote huhesabu magurudumu, mishikio na mifuko ya nje iliyotuna. Kama safari ina ndege mbili za mashirika tofauti, fuata masharti ya lile kali zaidi. Soma pia jina la shirika litakalorusha ndege, maana aliyekuuzia tiketi si lazima awe ndiye atakayekubeba.

Begi lenyewe

Begi la magurudumu likiwa tupu huwa na kilo 2.5 hadi 3.5. Kwa kikomo cha kilo 7, umeshapoteza karibu nusu kabla ya kuweka soksi. Begi la mgongoni la lita 30 hadi 40 lina kilo 1 hadi 1.5, na kwa kuwa ni laini hubonyea likiingizwa kwenye kile kisanduku cha kupimia. Chagua linalofunguka zipu pande tatu kama sanduku. La kufungulia juu hukulazimisha kutoa kila kitu ili upate chupi moja. Mwenye matatizo ya mgongo abaki na magurudumu, ila atafute la chini ya kilo 2 na apunguze nguo.

Bajeti ya kilo 7

Mgawanyo huu unatosha safari ya siku nne, na ukifua unatosha wiki tatu:

- begi tupu: kilo 1.3
- nguo ndani ya begi: kilo 2.6
- jozi ya pili ya viatu, myepesi: gramu 600
- vitu vya kuogea na dawa: gramu 700
- chaja, nyaya, pawabenki na vidude vingine: kilo 1.2
- akiba: gramu 600

Akiba usiijaze. Mizani ya kaunta na ya nyumbani hazikubaliani siku zote, na wakati wa kurudi kila mtu ana kitu cha ziada.

Hizo kilo 2.6 za nguo ni fulana 4 (gramu 700), suruali nyepesi 1 (400), shati la heshima 1 (200), sweta jembamba (350), koti la mvua linalokunjika (250), chupi 5 (300), soksi jozi 4 (200) na nguo za kulalia (200). Seti nyingine kamili unaivaa siku ya safari, pamoja na viatu vizito na koti nene kama lipo. Jinzi ina gramu 600 hadi 800 na hukauka polepole mno. Ukitaka kwenda nayo, ivae, na iwe moja tu. Kwenye baridi usibebe koti nene zaidi ya moja. Vaa nguo nyembamba juu ya nyingine: hewa inayonaswa kati yake ndiyo inayotunza joto.

Rangi zina kazi hapa. Chagua suruali za rangi tulivu, kisha kila fulana lazima iendane na kila suruali. Fulana inayokubaliana na suruali moja tu ibaki nyumbani, hata kama unaipenda.

Mwenye kompyuta ya kilo 1.3 aiweke kwenye kibegi cha chini ya kiti. Kama shirika linapima vyote pamoja, toa jozi ya pili ya viatu na fulana moja, vaa sweta, na ukubali kumega akiba.

Kufua ndiyo siri

Fua kidogo kidogo jioni, usingoje rundo. Ziba sinki, weka maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya maji, loweka dakika 10, sugua kwapa na kola, suuza mara mbili. Kisha fanya hatua ambayo wengi huiruka: tandaza nguo juu ya taulo kavu, viringisha vyote pamoja, kanyaga au kamua kwa nguvu. Taulo hunyonya maji mengi, na fulana ya sufu laini au ya nyuzi za kutengenezwa hukauka usiku mmoja. Pamba nzito haikauki. Asubuhi utaipakia mbichi na begi zima litanuka uvundo. Mita mbili za kamba nyembamba zinatosha kuanikia.

Vimiminika na vinavyokataliwa

Sheria ya mililita 100 ilikuja mwaka 2006, baada ya kufichuliwa nchini Uingereza njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji. Kila chupa isizidi mililita 100, na zote ziingie kwenye mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha ndani, wa lita 1, unaofungika. Kinachotazamwa ni ukubwa wa chupa: ya mililita 200 iliyobaki robo itakwenda pipani. Dawa ya meno, losheni, jeli ya nywele, asali na siagi ya karanga vyote huhesabiwa humo. Dawa za matibabu na maziwa ya mtoto huruhusiwa zaidi ya hapo, ila zitaje mwenyewe kabla ya ukaguzi. Baadhi ya viwanja vyenye mashine mpya vimelegeza sheria hii, lakini wewe pakia kwa kufuata uwanja mkali zaidi utakaopita, ukiwemo wa kurudia.

Njia rahisi ni kubadili maji kuwa vipande: sabuni ya mche, shampuu ya kipande, deodoranti ya kijiti. Chupa zilizobaki huvuja angani kwa sababu shinikizo la hewa hushuka ndani ya ndege na hewa iliyomo chupani hutanuka. Bonyeza chupa itoe hewa, kisha funga kifuniko.

Pawabenki ni ya begi la mkononi tu, kamwe si ya mzigo unaokwenda chini ya ndege. Kikomo cha kawaida ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati inayohifadhiwa na betri). Kama imeandikwa mAh (miliampea-saa, kipimo cha chaji ya betri) pekee, zidisha kwa 3.7 kisha gawa kwa 1,000: ya mAh 20,000 ni Wh 74, inapita. Kati ya Wh 100 na 160 omba ruhusa ya shirika. Zaidi ya hapo inakataliwa. Isiyo na maandishi yanayosomeka huweza kuchukuliwa. Visu na nyembe za wazi usivijaribu.

Kupanga

Viringisha fulana na chupi, kunja shati na suruali bapa juu yake. Soksi ziingie ndani ya viatu. Vifuko vya kubana nguo vinapunguza ujazo, havipunguzi gramu, na hapo ndipo watu hunaswa: nafasi inaonekana, wanaongeza, mizani inawasuta. Kwenye begi la mgongoni vitu vizito viwe karibu na mgongo. Kwenye la magurudumu viwe chini, upande wa magurudumu, lisianguke kila ukilisimamisha. Mfuko wa vimiminika na kompyuta viwe juu kabisa, tayari kwa ukaguzi.

Pima usiku wa kuamkia safari. Kama huna mizani ya kuning'iniza, panda mizani ya nyumbani ukiwa umebeba begi, kisha bila begi, toa tofauti. Mizani hiyo si sahihi sana, hivyo lenga kilo 6.5.

Ndege ikijaa, wahudumu huweza kuchukua begi lako mlangoni liende chini. Usibishane, ila kabla ya kulikabidhi toa pawabenki, betri za akiba, pasipoti, pesa, dawa, kompyuta na funguo. Viweke vyote tangu nyumbani ndani ya kifuko kimoja kinachotoka kwa mkono mmoja, kwa sababu pale mlangoni utapewa sekunde chache huku foleni ikikusukuma.