Somo: Kubuni, kwa ajili ya hadithi, koo za watu wajigeuzao wanyama na wapiganaji wanaowawinda

Hatua ya kwanza ni kuamua namna ukoo unavyorithiwa, kabla hujafikiria kucha wala meno. Ukichagua fisi madoa, zingatia kwamba jike ndiye mkubwa na ndiye anayetawala kundi, na binti hurithi daraja la mama yake. Ukoo wa watu-fisi unaoongozwa na babu utamshangaza msomaji anayewajua fisi wa Ngorongoro. Chui huishi peke yake, kwa hiyo watu-chui wakutane msibani tu.

Hatua ya pili ni mipaka, na hapa ndipo hadithi nyingi hulegea, kwa sababu mhusika anayejigeuza apendapo hamtishi mtu. Katika miteremko ya Kilimanjaro juu ya Moshi, mipaka ipo tayari: kihamba cha Mchagga, yaani shamba la ukoo lenye migomba, huzungushiwa mimea iitwayo masale, na jani hilohilo la sale hupelekwa kwa aliyekosewa ili kumwomba msamaha, naye kimila halikatai kirahisi. Basi tunga sheria kwamba mtu-fisi havuki masale akiwa mnyama. Mwonyeshe usiku ukingoni mwa kihamba, mgongo ukimnyooka kwa maumivu, kisha akipenya kwenye migomba akiwa mtu asiye na nguo, umande ukimtiririkia mabegani.

Hatua ya tatu ni wapiganaji. Silaha zisikushughulishe, mkuki unatosha; wanachohitaji ni kiapo kinachowabana. Je, mpiganaji afanyeje iwapo anayewindwa atamnyooshea jani la sale?

Majina yawe ya kubuni kabisa. Nchini mwetu vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu tu, hivyo usiwabandike Wamushi au Wamassawe, ambazo ni koo halisi za Wachagga, ufisi, hata kwa utani.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo, mwalimu. Naweza kuwaficha katika mapango ya Wachagga?
Jibu: Marahaba. Unaweza, lakini mapango hayo yalichimbwa na wenyeji ili kujificha wakati wa vita na Wamasai, kwa hiyo wawindaji waliozaliwa hapo wanazijua njia zake.

Swali: Hadithi yangu iko Arusha mjini. Mpaka uwe nini?
Jibu: Mto Themi unatosha.

Swali: Mwindaji anaweza kumwoa binti wa watu-fisi?
Jibu: Anaweza, dada, ila kwa kuwa daraja hupitia kwa mama, mtoto wao wa kike atamzidi baba yake cheo. Anza kuandika kikao cha mahari.